Dizeli ya Kumlaza Baba

Jumamosi, 5 Machi

Leo baba amelala. Naliandika hilo kwanza kabla sijavua viatu, maana nikivua viatu na mimi nitalala.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwa daktari wa macho. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanza, ile ya matone makubwa yanayoanguka kivivu, na waipa ya upande wangu inafuta nusu ya kioo, nusu nyingine inaniachia nikisie mwenyewe. Daktari alikuwa ametueleza bila kuzunguka. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia lina mtoto wa jicho aliyekomaa, linaweza kupasuliwa, na yeye hupasua hapa mara moja tu kwa mwaka, anapokuja na vifaa vyake mwezi wa Mei. Lakini hatamgusa mzee mwenye presha kama ile ya baba. "Alale kwanza," alisema. "Asipolala, presha haishuki hata mkimpa dawa zote za dukani. Mkija Mei mambo yakiwa hivi, tutaonana mwaka ujao, na mwaka ujao sijui kama jicho litakuwa linanisubiri." Vidonge vya usingizi tulishavijaribu. Vilimwangusha baba bafuni, akapasuka paji la uso, tukavitupa.

Tulipokaribia daraja nikamuuliza kama anasikia baridi. Kimya. Nikageuka. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Baba yangu, ambaye tangu mwaka uanze hajapata lepe la usingizi lenye maana, alikuwa amelala fofofo kwenye kiti cha mbele cha gari langu kuukuu la dizeli.

Sikwenda nyumbani. Nililipita geti letu, nikazunguka mji, nikalipita tena, mpaka mshale wa mafuta nao ukaanza kulala.

Jumapili, 6 Machi

Nimejaribu tena, amelala tena. Nilipozima injini tu akafumbua macho.

Jumanne, 8 Machi

Kaka yangu anafanya kazi katika ofisi ya bima na hakuna jambo asilolijua. Nilipomwambia kwamba baba analala garini alicheka, halafu akatoa simu, akailaza juu ya boneti, akarekodi mngurumo mzima. Jioni tukamweka baba kitandani, tukafunga pazia, simu tukaiacha inanguruma kando ya mto. Tukasimama mlangoni tumebana pumzi.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Ni gari, baba," kaka akasema.

"Hilo si gari. Huyo ni mtu anaigiza gari."

Kaka alichukua simu yake akaenda zake bila kuaga. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua. Meno ya bandia ya chini ya mteja mmoja yamekataa kukaa, nayatengeneza upya. Baba amelala kutoka sokoni hadi kiwanda cha matofali.

Jumatatu, 14 Machi

Tumeshapata utaratibu. Nikitoka kazini, kule kwenye chumba changu cha nyuma ya kliniki ninakochonga meno ya bandia, nampitia baba nyumbani, namfunga mkanda, tunaondoka. Hatuna safari. Tunapita maghala, tunapita uwanja wa shule uliojaa maji, tunapita nyumba ambazo zinaanza kuwasha taa. Kioo kinafanya ukungu kwa ndani na mji wote unakuwa laini. Kuna wakati nasahau kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Nahisi tumekaa tu mahali pamoja na mitaa ndiyo inayotupita, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu.

Presha imeshuka kidogo. Kidogo sana, lakini mashine imesema hivyo na mimi nimeiamini.

Jumatano, 16 Machi

Kaka amelisikia gari langu likiingia uani na amekunja uso. "Unasikia linavyogonga? Dizeli unanunua wapi?"

Nikamwambia ninanunua pale darajani, kwa sababu ndipo njia yangu ilipo.

"Darajani! Wale wanachanganya na mafuta ya taa, kila mtu anajua. Unalilisha gari sumu halafu unajisifu una gari."

Haya. Akanipeleka mwenyewe kituo kipya cha juu, penye taa nyingi na sakafu ya kung'aa, wakanijazia ile dizeli yao ya daraja la kwanza, ambayo kaka anasema huwaka mapema na kwa upole, ndiyo maana haigongi. Sikuamini masikio yangu. Tulipoteremka kilima injini ilikuwa inanong'ona. Nilijiona tajiri. Nikapanga kesho nimwonjeshe baba.

Ijumaa, 18 Machi

Jana hakulala. Leo hakulala. Amekaa wima safari nzima, viganja juu ya magoti, amekodolea kioo macho ambayo hayaoni kioo. Nikamuuliza kama kuna tatizo, akasema hakuna. Nyumbani usiku ni yaleyale: yeye anazunguka sebuleni akipapasa kuta, mimi nimelala macho chumbani nikisikiliza asije akajikwaa. Presha imerudi ilikotoka.

Jumamosi, 19 Machi

Nimefanya mambo ambayo mwenye kliniki akiyajua atanicheka mwaka mzima. Nimenunua dizeli kidogokidogo kutoka vituo vyetu vitatu, nimeitia kwenye vile vikopo vya kioo tunavyolowekea meno, nimevipanga dirishani.

Nimevitazama mchana kutwa badala ya kufanya kazi. Ya kituo cha juu ni angavu, ina rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji, na hata baada ya saa nyingi haikuweka kitu chini. Ya sokoni ni ya njano zaidi, na kitakoni pamejikusanya ushanga wa maji unaotembea ukiinamisha kikopo. Ya darajani ni nyepesi mno, karibu haina rangi, na ukinusa tu unajua kibatari. Nimedondosha tone la kila moja kwenye karatasi. Ya juu imeacha duara la mafuta lililotulia. Ya darajani imekauka upesi ikaacha alama hafifu. Mvua ilikuwa inapiga dirisha na mwanga ukipita ndani ya vile vikopo ukawa unatikisika ukutani kwangu, njano juu ya njano, na nikajikuta nimetulia tuli, sifikirii jambo lolote.

Mwenye kliniki akachungulia. "Hayo ni meno ya nani?"

"Ya gari langu," nikamjibu.

Kwa kila kipimo, basi, iliyo bora ni ya juu, ikifuatwa na ya sokoni, na ya darajani haifai hata kusafishia brashi.

Jumapili, 20 Machi

Tangi lilikuwa limebaki karibu tupu. Kwa ukaidi tu, au sijui kwa nini, nikajaza darajani.

Amelala kabla hatujatoka kituoni.

Jumanne, 29 Machi

Leo nimemuuliza. Nimengoja kwanza aamke, tumeegesha nje ya ghala la mbao, mvua inamiminika kiasi kwamba hakuna haja ya kwenda popote, nikasema: "Baba, kwa nini gari likinyamaza hulali?"

Baba aliendesha malori maisha yake yote, ya mizigo mizito, ya milima, na watu wa kazi ile wanazungumza wakishamaliza kufikiri.

"Lori letu lilikuwa linagonga kama nini," akasema. "Sote tulikuwa tunagonga. Tulikuwa tunapokezana usukani, mimi na mwenzangu. Zamu yake ikifika, mimi nalala palepale kitini. Unalala kwa sababu unasikia. Ko-ko-ko-ko, unajua injini inavuta, mwenzako yuko macho, mnakwenda. Sasa, gari likinyamaza mlimani, mama, hapo umekwisha. Injini imekufa na mzigo unakurudisha nyuma. Mimi kelele haijawahi kuniamsha. Kimya ndicho kinachoniamsha."

Nikamwambia lakini nyumbani hakuna mlima.

"Nyumbani ni kubaya zaidi." Akageuza uso upande wangu, karibu na nilipo, si pale hasa. "Zamani nikifumba macho dunia inaondoka, nikifumbua inarudi. Siku hizi nikifumba, nikifumbua, mamoja. Nitajuaje kama nimelala au nimekufa? Basi nabaki macho, nalinda. Humu ndani nikisikia inagonga, najua kwamba niko."

Nilimkamata mkono, akaniachia, tukasikiliza injini yangu mbovu ikigonga. Sikumwambia kuwa inagonga kwa sababu ninainywesha uchafu. Harufu hawezi kuisikia, pua yake anasema aliiacha kazini. Anadhani gari limezeeka tu, na mimi nimeamua aendelee kudhani hivyo mpaka Mei.

Jumamosi, 2 Aprili

Mvua, mvua, mvua.

Jumatano, 6 Aprili

Baba ameanza kuongea usingizini, na anachoongea ni njia. "Kata kushoto hapo." "Nenda nayo hiyo, ina changarawe." "Polepole, kuna kona." Kwanza nilikuwa nacheka. Leo nikafikiri: tuna haraka ya nini? Aliposema kushoto, nikakata kushoto.

Akatupeleka nyuma ya maghala, barabara ambayo sikujua ipo. Kulia. Tena kulia. Tukapita ukuta mrefu wa kiwanda kilichofungwa, majani yameota mpaka kwenye madirisha. "Nyoosha," akasema, nikanyoosha, na lami ikaisha, na mbele yetu kukawa na uwanja mpana uliofunikwa wote na maji, tambarare, na mawingu yamelala ndani yake. Nikasimamisha gari bila kuizima injini. Maji yalikuwa yanatetemeka kidogo kando ya magurudumu. Baba akapumua kwa raha, mtu aliyefika, akasema, "Hapa tule kwanza." Nilikaa pale muda mrefu nikiogopa kurudi nyuma, nisije nikamharibia safari.

Presha leo jioni: daktari angeitabasamia.

Alhamisi, 14 Aprili

Asubuhi gari limekataa kuwaka, halafu likawaka kwa moshi mweupe uliofunika ua mzima. Nikalipeleka kwa fundi. Tunamwita Sikio, kwa sababu anaweka bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, anasikiliza kila kitu kinachosemwa huko ndani. Leo alisikiliza kidogo tu.

"Unaipa nini hii?"

Nikamweleza. Nimemweleza yote, baba, jicho, Mei. Kaka sijamwambia, angenihubiria. Sikio alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa kilekile kinachoichafua.

"Dada yangu, pampu ya gari hili inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiichanganya na mafuta ya taa, inajisaga. Inajitafuna."

"Itafika Mei?"

"Injini haijui Mei ni nini."

Nikarudi kazini. Gari hili nililikusanyia miaka. Ndilo linalopeleka meno yangu kwenye kliniki za miji mingine, bila hilo nabaki na wateja wa mtaa mmoja. Jioni nikapita darajani. Nikazima, nikafungua kifuniko cha tangi, nikamwambia mhudumu ajaze.

Alhamisi, 21 Aprili

Amelala. Moshi mwingi. Amelala.

Ijumaa, 29 Aprili

Kaka aliazima gari mchana eti akalioshe. Amelirudisha linameta hadi ndani ya magurudumu, na ametoka ndani yake na tabasamu ambalo sijaliona tangu tuko shule.

"Zawadi yako. Nimemwaga ule uchafu wote, nimebadilisha filta, nimejaza dizeli ya juu mpaka shingoni, na nimetia chupa nzima ya dawa ya kusafisha nozeli. Sikiliza!"

Nikasikiliza. Palikuwa kimya. Ndege wa kwenye ukuta walisikika.

Nilimwambia asante. Kisha nikaingia jikoni nikalia mbele ya sinki, bomba nimelifungulia.

Jumapili, 1 Mei

Juzi hakulala, jana hakulala, leo hakulala. Nimejaribu barabara ya changarawe, nimejaribu matuta, nimejaribu gia ya chini ili injini ipige kelele. Baba amekaa wima. "Gari limepona," ananiambia kwa upole, na kwa vile ni dereva anafurahi kwa ajili yangu. Presha imepanda hata sitaki kuiandika. Daktari anaanza kupasua Alhamisi, tarehe 12.

Nimempigia kaka nikamweleza kila kitu. Nilijiandaa kwa mahubiri. Akauliza tu, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema kwa sababu wewe ni mjuaji. Akasema, "Ni kweli," na sauti yake ikawa ndogo. "Mimi najua mambo kwa sababu naogopa. Baba alipoanza kupapasa ukuta nilirudi nyumbani kwangu nikasoma habari za macho mpaka asubuhi."

Sikuwa namjua huyo mtu. Nimeishi naye nyumba moja utoto mzima.

Jumanne, 3 Mei

Siku ndefu. Niandike yote.

Kaka amekuja na mpira na madumu, akiwa amevaa shati lake la ofisini. Tumeinyonya ile dizeli safi kutoka kwenye tangi uani, mvua inatunyeshea, na mtu wa bima kwa kiherehere akavuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, akameza funda zima. Alitema, akakohoa, akalaani, akasema hata ladha yake ni ya daraja la kwanza. Tulicheka tukashikana mabega. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa niliona tutashinda.

Tukaacha kiasi cha kutufikisha darajani. Tukafika. Kituo kimepakwa rangi mpya.

Mhudumu yule yule akanikimbilia. "Dada, karibu! Ulipotea siku hizi chache, sisi tumebadilika. Tumepata mwenye mali mpya. Tangi limeoshwa, mafuta ni safi kabisa, yanatoka bohari moja na yale ya juu."

"Mlibakiza yale ya zamani?"

"Yale yalimwagwa yote, dada. Usiwe na wasiwasi."

"Nayataka yale."

Akanitazama, akamtazama kaka mwenye shati la ofisini lililolowa dizeli, na uso wake ukabadilika. "Nyie ni wakaguzi?"

"Sisi si wakaguzi. Tunataka dizeli mbaya."

"Hatuna na hatujawahi kuwa nayo," akasema kwa sauti ya juu ili wenzake wasikie, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Sokoni wakatujibu hivyohivyo, kwa kiburi zaidi. Mji mzima umetubu kwa siku moja. Nilikaa nyuma ya usukani, nimezungukwa na mafuta bora kila upande, nikaona giza.

Kaka akasema, "Tununue mafuta ya taa tuchanganye wenyewe." Nikawasha gari kuelekea kwa Sikio kumuuliza kipimo.

Sikio alikataa katakata. Pampu, alisema, imebakiza uzi. Tangi moja zaidi la mchanganyiko na itakwama barabarani mzee akiwa ndani. "Mwende mkajaribu kwenye gari la mtu mwingine."

Alhamisi, 5 Mei

Leo nimempeleka baba kwa Sikio, kwa sababu sikuwa na pengine pa kumpeleka. Nilimwacha kitini, mimi, kaka na Sikio tukasimama mbele ya boneti tukinong'ona. Tulinong'ona sana.

"Mnazika nani hapo?" baba akauliza kupitia dirishani.

Kaka ndiye aliyekwenda, akachuchumaa kando ya mlango, akamwambia baba kila kitu: vikopo vyangu, darajani, pampu inayojisaga, zawadi yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atasikitikia gari, na alisikitika, niliona midomo yake.

"Mmetia gari sumu ili mimi nilale," akasema. "Watoto wangu wawili. Na hamkuniuliza mimi, mimi niliyekula dizeli maisha yangu yote."

"Tungekuuliza nini, baba?" nikasema, nimeshaanza kulia.

"Mngeuliza kugonga kunatoka wapi." Akainua sauti. "Fundi! Pampu hiyo inazungushika?"

Sikio akasogea. "Inazungushika, mzee. Ni ya zamani."

"Basi ilegeze, iwahishe kidogo. Imwage mafuta kabla ya wakati. Itagonga hata ukiipa mafuta ya peponi."

Sikio alikuwa anajua vizuri sana jambo lile. Nililiona usoni pake, na niliona lilivyomchukiza. "Mzee, kazi yangu ni kuondoa kugonga. Watu wananilipa kuondoa."

"Kwa wiki moja tu. Halafu utaondoa."

Akachukua spana shingo upande. Tulikuwa tumeirudisha tangini ile dizeli safi ya juu, imejaa. Sikio akalegeza boliti, akaiwasha injini, akaisukuma pampu kiasi kidogo sana. Mlio ukabadilika, ukawa na mfupa ndani yake.

"Bado," baba akasema.

Akasukuma tena. Sasa ilikuwa inagonga, mimi niliona imetosha.

"Bado. Unaionea haya."

Sikio akavuta pumzi, akafumba macho kama afanyavyo akisikiliza, akasukuma. Ko-ko-ko-ko. Spana zilizotundikwa ukutani zikaanza kulialia. Tulingoja baba aseme bado. Mvua ilikuwa inadondoka kutoka ukingoni mwa bati, mstari mzima, na moshi mwembamba ukijizungusha chini ya taa ya gereji. Hakusema. Kaka akainama, akachungulia dirishani, akageuka kwetu na kidole mdomoni.

Sikio akaikaza boliti polepole sana, akishikilia spana kwa mikono miwili isiteleze. Kisha akachukua kiti, akakaa mlangoni, na alipokuja mteja na pikipiki yake akamrudisha kwa ishara ya mkono. Tulikaa hivyo mpaka jioni, watu wazima watatu, hatusemi, tunalinda kelele. Namjua Sikio kwa miaka, nilikuwa nadhani anapenda injini tu.

Jumapili, 8 Mei

Dizeli ya juu, pampu iliyoharibiwa kwa makusudi. Amelala kila siku, na moshi umepungua. Mimi ndiye nisiyepata usingizi. Usiku nasikia ko-ko-ko kichwani na najikuta nimekaa kitandani nikisubiri presha ya asubuhi.

Alhamisi, 12 Mei

Tulifika hospitali mapema. Hatukuingia. Nilizunguka maegesho injini ikigonga na kila mtu akitutazama kwa hasira, kaka akiwa nje anaomba radhi kwa niaba yetu, mpaka jina la baba likaitwa. Tukamwamsha, tukamshika huku na huku, tukamkalisha mbele ya muuguzi angali na alama ya mkanda shavuni.

Muuguzi akafunga kile kitambaa cha presha mkononi mwa baba. Kikajaa upepo. Kikaisha upepo. Akafunga tena, akapima tena. Kaka alikuwa amenikamata kiwiko mpaka kikauma.

"Huyu mzee ametulia kweli," muuguzi akasema. "Mpelekeni akavae nguo za upasuaji."

Jumamosi, 14 Mei

Jana asubuhi walitoa bandeji, wakamweka siku moja zaidi wamwangalie, na leo nimekwenda kumchukua. Alikuwa amekaa kitandani ananingoja. Nilisimama mlangoni nikaogopa kuingia. Akanitazama. Akanitazama mimi, pale hasa nilipo, kuanzia viatu hadi kichwani, hana haraka.

"Umechoka sana, mama," akasema. "Hawakuniambia umechoka hivi."

Nililia, naye akaniacha nilie, anaangalia. Anaangalia kila kitu.

Njiani nilikuwa nasubiri kichwa kiegemee dirisha, kwa mazoea. Injini inagonga vizuri, Sikio atairudisha sawa Jumatatu. Hakulala. Alisoma mabango yote kwa sauti, la vinyozi, la saruji, la nyumba inayouzwa. Alinionyesha shimo ambalo nilikuwa nimeshaliona, nikamshukuru. Mvua ya mwisho mwisho ilikuwa inashuka kwa uzi mwembamba na barabara yote inang'aa, na mimi nikaanza kuiona ikienda mbali, ikirudi, ikienda mbali.

"Simama," baba akasema.

"Nipo macho, baba."

"Hupo. Umevuka mstari. Simama pale penye ule mti."

Nikasimama. Nikataka kuzima, akauzuia mkono wangu, akasema niache ingurume. Akanivutia kiti nyuma, akapekua mpaka akapata koti lake, akanifunika miguu.

"Dakika moja tu," nikasema. "Halafu twende."

"Lala. Njia naiona mimi."

Nikafumba macho. Chini ya miguu yangu injini ilikuwa inagonga, ko-ko-ko-ko, tunavuta, tunakwenda. Nikashtuka mara moja kuhakikisha. Alikuwepo, amekaa wima, jicho lake moja wazi kabisa, anaitazama mvua ikianguka barabarani tone kwa tone.

Nikalala.